Hema la kilo moja na nusu, mzigo wa kilo 27

Wiki jana niliweka picha ya hema langu jipya pale ufuoni Mayungu, kati ya Malindi na Watamu. Nilidhani mtaniuliza bei, uzito, kama linavuja. Wapi! Komenti zikaja: "Umeanza uzungu lini?" Mwingine: "Kwani kwenu hakuna nyumba?" Sawa, nilicheka pia. Lakini aliyeniweza ni hawe, nyanya yangu. Alinikuta uani nikipima begi kwa mizani ya jikoni, akaangalia kile kifurushi, akasema: "Babu yangu mimi alichukuliwa akabebe hema za Wazungu, hakurudi. Wewe unajibebesha bure?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na hii posti ndiyo matokeo. Aliyekuja kutafuta hema la kununua avumilie, tutafika.

Kwanza hilo la uzungu. Kulala njiani si jambo geni huku kwetu. Misafara ilikuwa ikitoka pwani kwenda bara miaka mingi kabla ya mtalii wa kwanza kushuka hapa na miwani ya jua. Burton, yule Mwingereza aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliandika kuhusu kambi kwa neno letu lenyewe, na akaeleza jinsi wapagazi walivyofika, wakakata matawi na nyasi, wakajijengea vibanda, na asubuhi wakaviacha pale pale kwa msafara utakaofuata. Hebu fikiria. Nyumba ya uzito sifuri. Hakuna kampuni duniani imefikia hapo. (Na kwa Wamijikenda, msisahau, kambi pia ni lile baraza la wazee wa kaya. Neno moja, kazi mbili.)

Hema la turubai lilikuwa la nani basi? La bosi. Na hapa ndipo kuna hesabu ambayo sikuwahi kufundishwa shuleni.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kichwani au begani, siku nzima, nje ya posho yake na mkeka wake. Hema la Mzungu halikuwa kitu cha mtu mmoja kubeba. Turubai ya pamba nzito, miti, vigingi, kamba, halafu kitanda, meza, viti. Joseph Thomson alipotoka Mombasa 1883 akapitia Rabai kwenda nchi ya Wamaasai, vitu vyote vilisafiri kwa shingo za watu. 1909 akaja Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa rais wa Marekani, akashukia Mombasa akapanda treni kwenda kuwinda. Katika kitabu chake anaeleza hema lake bila aibu: sakafu ya turubai, kitanda, sehemu ya nyuma ya kuogea, na bendera kubwa ya Marekani ikipepea juu. Wapagazi wake walikuwa zaidi ya 200, na wao wakilala wamebanana kwenye vihema vidogo.

Sasa jiulize kitu kimoja. Kama wewe unalala ndani ya hema lakini hulibebi, una sababu gani ya kutaka liwe jepesi? Huna. Ndiyo maana kwa miongo yote hiyo hema la safari liliendelea kuwa jumba. Si kwamba watu hawakujua kushona kitu chepesi. Anayelipia hakuwa anaumwa shingo.

Na huu si umbea wangu, angalia upande wa pili. London kulikuwa na fundi cherehani anaitwa Thomas Hiram Holding. Huyu alipenda kutembea na baiskeli na kulala nje, na baiskeli haina mpagazi. Akakaa chini akajishonea hema dogo la hariri ambalo ungeweza kulikunja ukalitia kwenye mfuko. Mwaka wa 1901 akaanzisha chama cha wapiga kambi wa baiskeli, na 1908 akatoa kitabu kizima cha kufundisha wengine. Mwaka mmoja tu kabla ya Roosevelt kuja na bafu lake! Teknolojia ya hema jepesi ilikuwepo tayari. Haikuja huku kwa sababu huku kulikuwa na vichwa vya kubebea. Nailoni ilikuja baadaye, ikabuniwa Marekani 1935 katika maabara za DuPont, na ndiyo mama wa vitambaa vingi vya mahema mepesi ya leo. Lakini wazo lilianza kwa mtu aliyebeba mzigo wake mwenyewe.

Turudi kwa hawe. Babu yake alikuwa Mgiriama, na habari ya Wagiriama na mizigo si hadithi ndogo. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mekatilili wa Menza akazunguka vijiji akiwaapisha watu wakatae. Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Mwanzoni mwa 1914 wakatoroka, wakarudi nyumbani kwa miguu. Kisii hadi huku, hata ukipiga mstari mnyoofu kwenye ramani, ni zaidi ya kilomita 600. Bila hema, bila begi, bila chochote ambacho mimi naita "muhimu". Kila nikipita karibu na sanamu yake pale Malindi huwa naona haya kidogo nikikumbuka nilivyolalamika kuhusu mikanda ya begi.

Agosti 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti. Mwezi huo huo vita vya dunia vikaanza, na sasa vijana walitakiwa kubeba mizigo ya jeshi. Wagiriama wakapigana, wakashindwa, wakatozwa faini na kutakiwa kutoa wanaume wa kazi. Wale wapagazi wa vita ndio Kariakoo: jina limebaki Dar es Salaam, limebaki Nairobi kama Kariokor, sokoni, tunalitamka tukinunua viondo. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Babu yake hawe yumo humo mahali fulani. Hakuna kaburi.

Kwa hiyo nikielewa sawa, hawe hakuwa ananiuliza kuhusu hema. Alikuwa anauliza nani kanituma.

Hakuna aliyenituma, hawe. Na ndiyo maana uzito nauchukulia kama jambo la heshima, si fasheni. Sasa tuje kwenye hema lenyewe, maana inboksi imejaa.

Hema langu la kwanza nilinunua mtandaoni, jipya, rahisi, la "watu wawili". Lilikuwa na kilo tatu kasoro. Lilikuwa na ukuta mmoja, neti kidogo kama ya chujio la chai, na usiku wa kwanza karibu na Mida nilidhani mvua imeingia. Haikuwa mvua. Ilikuwa pumzi yangu mwenyewe imegeuka maji, inanidondokea usoni. Hewa ya huku ina unyevu mwingi, mse. Mavideo mengi ya mahema mnayoangalia yanatoka milimani kwenye baridi, kule shida ni joto kutoroka. Yetu ni joto kukataa kutoka.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa Pwani: tafuta hema la tabaka mbili, la ndani liwe neti tupu, la juu ndiyo la kuzuia mvua, na uweze kulala na neti peke yake usiku wa kiangazi. Upepo wa kaskazi ukipita humo ndani unalala kama mtoto. Kilo moja hadi moja na nusu ni uzito mzuri kwa mtu mmoja. Chini ya kilo yapo, lakini bei yake ni ya kuuza mbuzi, na vitambaa vyake vyembamba havipendi miiba yetu. Angalia urefu pia, nyinyi warefu: lala ndani kabla ya kulipa, kichwa na miguu visiguse ukuta, la sivyo utaamka umelowa ncha zote mbili.

Mchanga nao. Vigingi vile vyembamba ufuoni ni mapambo tu, upepo wa kusi utaving'oa ukiwa kwenye ndoto. Jaza mchanga kwenye vifuko, funga kamba, vizike. Ndiyo maana napendelea hema linalosimama lenyewe kwa nguzo zake, hata kama linaongeza gramu mia mbili tatu. Na zipu, zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi ukirudi. Bahari inakula zipu kuliko kitu chochote.

Langu la sasa ni la mitumba. Lina kiraka kimoja, kilo moja na nusu kamili, nilipigania bei nusu saa. Halina uzungu wowote. Limefika Kenya kwenye robota kama jinzi zako.

Jambo moja siliombi, nalisema: usipige hema kayani. Zile kaya ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini zilikuwa takatifu kabla ya UNESCO kuzaliwa. Na ukitaka kulala upande wa Arabuko Sokoke, ongea na walinzi wa msitu kwanza. Ndovu hawasomi ramani yako.

Jumamosi natoka Malindi kwa miguu, nifuate ufuo hadi Watamu, nilale, nizunguke Mida, niishie Gede. Begi lote pamoja na maji ni kilo tisa. Jana nilimwambia hawe alinyanyue. Akalishika kwa mkono mmoja, akalipima pima, akaliweka chini. Nikafungua hema nikalisimamisha pale uani, akainama akachungulia ndani.

"Na mwenzako," akasema, "atalala wapi?"