OK: Senegal au Boston?

Dai kwamba OK ilivushwa Atlantiki na Waafrika waliouzwa utumwani lina wapenzi wengi, na mimi ningefurahi sana likithibitika. Aliyelipa nguvu, miaka ya 1960 ikielekea 1970, ni David Dalby, Mwingereza aliyebobea katika lugha za Afrika. Wawolofu wa Senegal husema “waaw” wanapoitikia ndiyo, na wakitaka kukaza huongeza “kay”. Yatamke upesi usikie. Waliomcheka Dalby walikuwa na pupa, maana wahariri wengi wa karne ya 19 hawakujisumbua kuandika walivyoongea watumwa shambani. Kutoonekana gazetini si kutosemwa.

Hata hivyo, shajara ya Jamaica ya mwaka 1816 iliyotegemewa na upande huo ina “oh ki” tu, na aliyeitamka anashangaa, hakubali jambo.

Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipekua magazeti ya zamani akitafuta chimbuko la OK, akachapisha matokeo yake katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Alichokipata ni gazeti la Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Mhariri wake, Charles Gordon Greene, anamtania mwenzake wa Providence kuhusu safari ya kikundi cha wachekeshaji waliojiita wapinzani wa kengele, na katikati ya utani huo anatupia “o.k.”, kisha papo hapo anaifafanua: “all correct”. Mzaha wa mjini wakati ule ulikuwa kufupisha maneno yaliyokosewa tahajia makusudi, kana kwamba mwandishi ni mbumbumbu: “oll korrect”.

Mizaha ya aina hiyo hufa haraka. Huu uliokolewa na uchaguzi wa 1840. Rais Martin Van Buren alizaliwa Kinderhook, jimbo la New York. Wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook na kuanzisha vilabu vya OK. Wapinzani wakaligeuza: eti Andrew Jackson, aliyemtangulia Van Buren, hakujua kuandika, ndiye aliyebuni herufi hizo. Uzushi mtupu. Hata hati ya mahakama ya Tennessee ya 1790 iliyotajwa baadaye kumhusisha Jackson, ilipokaguliwa vizuri ilionekana imeandikwa OR, yaani amri imesajiliwa. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison.

Rais mwingine, Woodrow Wilson, aliamini neno ni la Wachoctaw, wenyeji asilia wa Marekani, akawa anaandika “okeh”. 

Wanaomtetea Dalby wanajibu kwamba huenda vijana wa Boston walilisikia kwanza kwa watu weusi, ndipo wakalivika herufi. Upenyo huo upo, lakini ni mwembamba. Watani walewale walikuwa pia na O.W., “oll wright”, na hiyo hakuna aliyewahi kuitafutia asili Senegal.