David Park, 1911–1960: Mchoraji Aliyewarudia Watu

Mwaka 1949 hivi, David Park alipakia garini picha zake za mtindo wa dhahania, akazipeleka jalalani Berkeley, California, akazitupa. Zipo chache zilizosalimika.

Ulikuwa uamuzi wa mtu jasiri. Katika chuo cha sanaa cha San Francisco alikofundisha, picha zisizoonyesha kitu ndizo zilizotamba, na Clyfford Still, mwalimu mwenzake, ndiye aliyekuwa kigogo wa mtindo huo. Park akaanza kuchora wanamuziki, waogeleaji, watoto juu ya baiskeli. Wenzake walishangaa. Kisha wakafuata: kufikia 1957, jumba la sanaa la Oakland lilipofanya maonyesho ya wachoraji wa watu, Elmer Bischoff na Richard Diebenkorn walikuwa naye.

Bischoff alimjua kwa muziki pia, maana walipiga jazi katika bendi moja, Park akiwa kwenye piano.

Sogelea picha zake za mwisho, kama “Four Men” ya 1958. Rangi ya mafuta imepakwa nzito kwa brashi pana. Pua ni mkwaruzo mmoja, jicho ni baka jeusi. Rudi nyuma hatua chache, na mwili unasimama wima, wenye uzito, umepigwa na jua.

Mwaka 1960 saratani ilimnyang’anya nguvu za kushika rangi ya mafuta. Akachukua kalamu za wino, akajaza watu na mitaa kwenye karatasi ya kukunjwa yenye urefu wa mita 9 hivi. Alifariki Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 49.