Hamamu ya askari mpakani: mabaki ya Chesters

Ukuta wa Hadrian una ngome nyingi, lakini jengo linalotufikisha karibu kabisa na askari waliokaa humo si ngome hata moja. Ni hamamu ya Chesters, kaskazini mwa Uingereza, iliyo mteremkoni kati ya boma na mto North Tyne. Mahali pengine kuta zake zimebaki na kimo cha mita 3 hivi, ilhali ngome yenyewe imebaki misingi.

Kaisari Hadrian alianzisha ukuta huo mwaka 122. Ulikatiza nchi kutoka bahari hadi bahari, kilomita zipatazo 117. Chesters, ambayo Warumi waliiita Cilurnum, ilikuwa kituo cha wapanda farasi wapatao 500, na kwa muda mrefu kililindwa na kikosi ambacho asili yake ni Asturias, Hispania. Hamamu iliwekwa nje ya boma kwa kuhofia moto wa matanuri, na mto uliokuwa chini yake ulipokea maji machafu.

Katika ukumbi wa kuvulia nguo kuna mashubaka saba ya mawe, yamepangwa safu moja, vichwa vyake vimeviringwa. Wako wataalamu wanaosema yaliwekwa nguo, wengine sanamu za miungu. Kutoka hapo askari alichagua: maji baridi, joto kavu au vyumba vya mvuke. Sakafu za vyumba vya moto ziliinuliwa juu ya nguzo fupi, hewa ya tanurini ikapita chini yake. Askari alijipaka mafuta, akatoka jasho, kisha akajikwangua uchafu kwa chuma kilichopinda. Aliyewahi kuingia Hamamni, Zanzibar, aliyoijenga Sultan Barghash, atautambua mpango huu, maana hamamu za nchi za Kiislamu zilirithi ufundi wa Warumi.

Sakafu iliunguza nyayo, kwa hiyo watu walivaa mitalawanda. Baadhi imefukuliwa Vindolanda, ngome isiyo mbali, pamoja na vibao vyembamba vilivyoandikwa kwa wino. Kimoja kinataja watu 343 waliokuwa kazini, wakiwemo washona viatu 12 na waashi 18 waliopelekwa kujenga hamamu. Kibao hicho kiliandikwa kabla Ukuta wa Hadrian haujaanza kujengwa! Jeshi lilihesabu kuoga kuwa sehemu ya kulinda mpaka, si anasa ya kungojea amani.

Kwa karne nyingi wenyeji walichukua mawe ya ukuta kujengea nyumba na mazizi. Hamamu ilinusurika kwa kufunikwa na udongo wa mteremko. Shukrani nyingine zimwendee John Clayton, mwanasheria wa Newcastle, aliyenunua shamba baada ya shamba ili mawe yasiendelee kubebwa. Wafanyakazi wake waliigundua hamamu mwaka 1884. Yeye alifariki mwaka 1890, na makumbusho yenye vitu alivyokusanya yakafunguliwa hapo hapo Chesters mwaka 1896. Tangu 1987, Ukuta wa Hadrian umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.