Radoni: gesi itokayo ardhini, na jinsi ya kuipunguza nyumbani

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hutokana na urani, madini yenye mionzi yaliyomo kidogo kidogo karibu katika kila udongo na mwamba. Huko nje upepo huitawanya. Lakini ikipenya kwenye nyufa za sakafu na kukuta madirisha yamefungwa, hujikusanya ndani. Anayeivuta kwa miaka mingi anaweza kupata saratani ya mapafu. Katika nchi nyingi radoni ni chanzo cha pili cha saratani hiyo baada ya tumbaku, na mvutaji wa sigara ndiye aliye hatarini zaidi.

Dunia ilianza kuizungumzia sana mwaka 1984. Huko Pennsylvania, Marekani, Stanley Watras alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha nyuklia ambacho kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Hata hivyo, vifaa vya kukagua mionzi vilipiga kengele kila alipopita. Ikagundulika kwamba mionzi alitoka nayo nyumbani kwake. Hewa ya nyumba ile ilikuwa na karibu bekereli 100,000 kwa kila mita moja ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi 100, na pale isipowezekana, kisipite 300.

Hapa Afrika Mashariki, mahali panapojulikana na watafiti ni kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Udongo wake una thoriamu nyingi, na thoriamu hutoa toroni, ndugu yake radoni. Toroni haidumu: kila baada ya sekunde 56 nusu yake huwa imekwisha. Kwa hiyo haifiki mbali. Hupatikana zaidi karibu na ukuta au sakafu ilikotokea, na nyumba iliyokandikwa kwa udongo wa namna hiyo huwa nayo kila upande. Ndiyo maana mahali pa kitanda si jambo dogo. Mtu anayelala uso ukiwa umeelekea ukutani anavuta toroni nyingi kuliko aliyesogeza kitanda katikati ya chumba. Kusogeza kitanda hakuna gharama.

Kupima hufanywa kwa kifaa maalumu. Kipo kikopo chenye mkaa unaonasa gesi, kinachokaa chumbani siku chache kisha kupelekwa maabara. Kipo pia kikasha chenye kipande cha plastiki ambacho mionzi hukitia alama ndogondogo. Hiki hukaa miezi mitatu hadi mwaka, na majibu yake ni ya kuaminika zaidi kwa sababu gesi hupanda na kushuka. Kiwekwe chumba cha kulala, mbali na dirisha. Simu peke yake haipimi radoni, hata ukipakua programu gani. Wanaosimamia masuala ya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Waulize wao kabla ya kumlipa mtu yeyote anayepita na kifaa.

Njia inayofanya kazi vizuri zaidi ni bomba linalopitishwa chini ya sakafu ya zege, likiwa na feni inayovuta gesi na kuitoa juu ya paa. Wengi wetu hatuna uwezo huo. Fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite, na ujue kwamba ukiyafunga gesi hurudi. Ziba nyufa za sakafu. Piga lipu kuta za udongo, maana lipu huizuia toroni. Kama ndiyo kwanza unajenga, tandika karatasi nzito ya nailoni kabla ya kumwaga zege. Ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Tuseme na hili: radoni haileti kikohozi cha leo wala kizunguzungu. Kizunguzungu cha kulala na jiko la mkaa ndani ni sumu nyingine, na hiyo huua usiku mmoja. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu.