Grainda Yako Ilizaliwa Vipi, na Kwa Nini Inakusumbua

Leo naweka mbegu na dawa pembeni. Wengi wenu mnanoa majembe kwa grainda na kutoboa mbao za banda kwa drili, na mkinikuta njiani maswali ni mawili: kwa nini cheche zinatoka ndani ya mashine, na kwa nini jiwe linapasuka. Majibu utayaona vizuri ukijua mashine hizi zilikotoka.

Kabla ya umeme, mafundi wa pwani walikuwa na keekee. Kamba ya uta inazungushwa kwenye kijiti chenye ncha ya chuma, fundi anavuta uta mbele na nyuma, ncha inazunguka na kutoboa. Wajenzi wa majahazi walitoboa hivyo matundu ya misumari ili mbao zisipasuke. Kamba ikilika, unafunga nyingine, kazi inaendelea.

Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza drili ya umeme ya kushika mkononi. Ilikuwa na kilo kama 7.5, jaribu kupanda nayo kwenye kenchi! Tatizo lilikuwa moja: utafikishaje umeme kwenye kiini kinachozunguka? Ukifunga waya utajisokota na kukatika. Ufumbuzi ni vipande viwili vya kaboni, kila kimoja kikisukumwa na springi, vikigusa shaba inayozunguka. Drili na grainda nyingi za waya tunazotumia leo bado zinafanya kazi hivyo. Kaboni ni laini kwa makusudi: inalika yenyewe ili shaba ipone. Hiyo ndiyo kamba ya keekee ya mashine yako.

Cheche ndogo za bluu ni kawaida. Zikiwa kubwa na kuizunguka shaba yote, au mashine inazima mpaka uigonge, shuku kaboni kwanza. Chomoa plagi, fungua vifuniko viwili vya ubavuni (nyingine lazima ufungue kava la nyuma), toa vipande uvitazame. Vikibaki chini ya milimita 5 hivi, badilisha vyote viwili, hata kama kimoja kinaonekana kizima. Nenda dukani na cha zamani mkononi ulinganishe.

Wapo wanaochonga kaboni ya betri ya tochi. Nimeona, na naelewa, maana duka liko mbali na kazi inasubiri. Lakini kaboni ile haikutengenezwa kwa kusuguana na shaba. Shaba ikishachimbika unatafuta amecha, na kwa grainda ndogo bei ya amecha na fundi inaweza kukaribia mashine mpya. Ukiweka kaboni mpya na cheche kubwa zikaendelea, amecha inaweza kuwa imeungua tayari, mpelekee fundi.

Mwaka 1917, Black & Decker wa Baltimore, Marekani, walisajili drili yenye mpini na kifyatulio kama vya bastola. Ndiyo swichi unayobonyeza hadi leo. Vumbi huiua mapema, kwa hiyo pulizia matundu ya hewa kila ukimaliza kazi. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, fungua kilokio cha swichi kabla hujaiweka mashine chini. Umeme hurudi bila hodi.

Grainda yenyewe ni mdogo wao. Ilitoka Ujerumani mwaka 1954, kwa kampuni ya Flex, na ikaja na mwendo mkali. Ndogo ya jiwe la milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kubwa ya milimita 230, kama mara 6,500. Si kwamba kubwa ni mvivu. Mawe mengi ya kukatia yameundwa ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde, na jiwe likiwa pana, ukingo unakimbia zaidi. Ukitoa kinga na kufunga jiwe la 230 kwenye grainda ndogo, ukingo unafika mita 130 kwa sekunde.

Kijana mmoja kwenye mnada wetu alifanya hivyo ili akate bomba nene. Jiwe lilipasuka, kipande kikampata juu ya jicho. Alishonwa, na jicho lilipona kwa bahati tu.

Kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kwenye jiwe: mizunguko yake isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Jiwe la kukatia usinolee jembe kwa ubavu wake, ni jembamba mno. Lihifadhi pakavu, mbali na jembe lenye umande. Na wewe unayeuza dukani, angalia pete ya chuma katikati ya jiwe: mengi yana tarehe ya mwisho wa matumizi pale, na mteja ana haki ya kuisoma kabla hajalipa.