Ubeti Aliouacha Marehemu

Mwaka jana, jamaa wa marehemu mmoja wa Muleba, aliyekuwa mpiga enanga, walinijia nyumbani kwangu hapa Bukoba na kaseti moja. Ndani yake mzee anaimba kisa cha Mugasha, bwana wa ziwa. Na kabla kisa hakijafika ukingoni, utepe unakwisha. Walinitaka nikifasiri kwa Kiswahili, na kilichobaki nikimalizie mwenyewe, mradi mshono usionekane. Ombi hilo lilinikosesha usingizi. Na katika kulitafakari nikamkumbuka mtoto mmoja wa Unguja.

Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Miaka minne baadaye, Novemba 1995, kundi hilo lilitoa albamu mpya, Made in Heaven, naye marehemu ndiye mwimbaji wake. Ilikuwaje?

Jawabu limo katika utepe wa studio. Utepe huo una njia nyingi zilizolala sambamba: sauti ya mwimbaji hunaswa katika njia yake, ngoma katika yake, gitaa katika yake. Kwa hiyo wimbo waweza kuvuliwa ala zake zote, ikabaki sauti tupu, kisha ukavikwa ala nyingine. Ndivyo walivyofanya wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon. Nyimbo mbili walizitwaa katika albamu aliyoitoa Mercury peke yake mwaka 1985; sauti wakaiacha, muziki wakaupiga upya. Vipande vingine vilikuwa masalio ya miaka ya 1980. Na vichache vilikuwa vya mwisho kabisa, alivyovirekodi Montreux, Uswisi, hali akijua kwamba mauti yamemkaribia. Aliwaomba wenzake wampe maneno ayaimbe, wao watamalizia baadaye.

Miongoni mwa hivyo umo wimbo uitwao "Mother Love". Mercury aliuimba Mei 1991 hadi akaukaribia ubeti wa mwisho, akachoka, akasema ataurudia. Hakurudi tena. Ubeti ule ukaimbwa na Brian May kwa sauti yake mwenyewe, wala msikilizaji hahitaji kuambiwa, kwani sauti inabadilika waziwazi. Katika nyimbo zile za 1985, mgeni hawezi kujua kwamba muziki ni wa baada ya kifo. Katika huu, kila mwenye masikio anajua marehemu aliishia wapi.

Sisi wapenzi wa tungo hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Takhmisi ni nini, kama si kumwongezea mwenzio, pengine aliyekwisha kufariki? Mshairi hutanguliza mishororo mitatu yake mbele ya miwili ya mwenyewe, kama ilivyo katika takhmisi ya Liyongo inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Nasir wa Pate. Lakini kanuni yenyewe humlinda wa kwanza: ajuaye bahari hii anajua mitatu ni ya nani na miwili ni ya nani.

Kaseti ya Muleba haikuwa na njia za kutenganisha. Sauti na nyuzi zimeshikana. Kweli, siku hizi kompyuta huweza kuzitenga, kama ilivyotengwa sauti ya John Lennon, aliyefariki mwaka 1980, hata ukatoka wimbo mpya wa The Beatles mwaka 2023. Hata hivyo, kompyuta haiwezi kunirudishia neno ambalo mzee hakulitamka. Na watu wa kunisahihisha wamebaki wachache. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mchunguzi mkubwa wa tenzi za enanga, alipoandika mwaka 1997 juu ya Habibu Selemani, aliyefariki 1993, alimwita manju wa mwisho. Nikiuficha mshono wangu, kesho mjukuu atayasoma maneno yangu akidhani ni ya babu yake, wala hatapata wa kumwambia vinginevyo.

Nikamwuliza binti mkubwa wa marehemu: baba alikuwa akikimaliza vipi kisa hiki? Akacheka. "Inategemea waliokaa mbele yake. Harusini alikimaliza kwa karamu. Msibani alikimaliza kwa ziwa kuchafuka."

Basi nimefasiri hadi pale utepe unapokatika, nikapiga mstari. Chini ya mstari nimetunga mwisho mmoja, nikautia jina langu. Kaka yake hakuridhika. Alitaka kitabu cha baba kiwe cha baba kitupu. Binti aliusoma polepole, kisha akaniomba karatasi nyingine, auandike ule wa harusini.