Katana: Picha ya zamani yenye mnyama ina historia yake

Huko Brighton, Uingereza, katika miaka ya 1870, mpiga picha Harry Pointer aliwakalisha paka studioni mwake na kuuza picha zao kama kadi. Leo watu wanazitafuta kwa pesa. Kazi ile ilitaka subira: kamera za wakati ule zilikuwa za polepole, na paka akitikisa mkia, mkia unatoka kama moshi.

Afrika ilikuwa na yake. Bamako, nchini Mali, watu walifika katika studio ya Malick Sidibé na pikipiki, wengine na kondoo. Kondoo yule si kichekesho. Ni mali ya nyumba, kama mbuzi kwetu Kabare.

Februari 2025, vita vilipopita barabara ya Kalehe, Katana na Kavumu hadi Bukavu, waliokimbia walibeba watoto na magodoro. Albamu nyingi zilibaki ukutani na sandukuni.

Aliyeokoa hata picha moja atazame mgongo wake. Muhuri ukisema Costermansville, ni ya wakati wa Wabelgiji. Wazee wangali hai, waulizwe, majina yaandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi: ya watu, na mbuzi alikuwa wa nani.